Siku Wakwe Walipopotea Pichani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Studio ilikuwa Magomeni, na Bosi wetu, mtu wa Tanga aliyevaa koti hata kwenye joto, aliniambia, "Vumbi ndilo adui wetu hapa, binti. Ukimaliza sakafu, njoo nikuoneshe linavyokaa kwenye lenzi."

Aliniajiri kwa sababu familia nyingi za pwani hazikutaka mwanaume kwenye shughuli ya wanawake. Nilipiga mimi, na picha nikazisafisha mimi mwenyewe kwenye chumba cha giza, mlango nimeufunga kwa ndani. Wateja waliuliza jambo hilo kabla ya kuuliza bei.

Bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi, Bosi aliagiza kamera mpya kutoka Dubai. Haikuwa ya watalii, wala haikufikia zile za wapiga picha wakubwa wa magazeti. Ndani yake mlikuwa na kioo, hivyo ukichungulia kwenye kidirisha uliona kilekile kilichoonwa na lenzi. Ilipima mwanga yenyewe, na ilisogeza filamu yenyewe ikilia kama cherehani. Nilitembea nayo kifua mbele.

Ikaniaibisha Temeke, kwenye harusi ya binti mmoja aliyeitwa Mwanaidi.

Kamera ya aina ile ina pazia dogo mbele ya filamu. Ukitumia flashi, unachagua spidi ya pazia ambayo mwanga utalikuta pazia limefunguka lote. Ukizidisha spidi, linakuwa limeshaanza kujifunga, na kipande cha picha kinatoka cheusi. Siku ile kitufe cha spidi kilikuwa kimesogea ndani ya mkoba, nami sikukiangalia.

Kwenye chumba cha giza nikaona picha ya kwanza nyeusi upande wa kushoto. Ya pili vilevile. Zote. Na upande ule ndiko walikokaa ndugu wa bwana harusi. Mama mkwe alikuwa amemshika Mwanaidi mkono. Pichani ulibaki mkono mtupu na bangili zake.

Nilidhani Bosi atanifukuza. Alizitazama picha, akavua miwani. "Nenda kamwambie mama mkwe wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Na kamera uende nayo."

Nyumbani kwake Temeke, mama mkwe alizipitia moja moja.

"Kwa hiyo wao wote wamo, sie ndio hatumo. Wamekutuma?"

"Hapana, mama. Nimekosea mie. Ni spidi."

"Spidi ndiyo inachagua ukoo?"

Nikafungua mgongo wa kamera, haikuwa na filamu, nikamwonesha pazia linavyofunguka na kujifunga. Akaomba abonyeze mwenyewe. Akabonyeza mara sita, na mara ya sita akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Haya, leo litufungukie sie. Mwanaidi! Vaa nguo yako ya harusi, mwanangu, tunaolewa tena."

Mwanaidi alitoka jikoni, akavaa bila kupambwa, akakaa katikati ya wakwe zake. Niliangalia spidi mara tatu. Mama mkwe alipoinama kumtengeneza mtandio, wote wawili wakacheka. Nikabonyeza. Hiyo ndiyo waliyoitundika sebuleni, na kwa picha hiyo majirani wengi wa Temeke walianza kuniita. Mwaka uliofuata Bosi akafungua tawi hukohuko, akanipa niliongoze.

Niliacha kazi macho yalipochoka. Siku hizi nakaa Kimara kwa mwanangu. Nyie vijana mnaziona picha zenu papo hapo, na nawaonea wivu kidogo. Ila sie tulikuwa tunatoka kwenye shughuli hatujui tumepata nini. Nilikuwa narudi studio na filamu mkononi, moyo unanidunda, nikiwaza yule bibi kama alifumba macho, yule mtoto kama alitulia. Nilifanya hivyo miaka mingi, na sikuwahi kumwambia Bosi kwamba hapo ndipo nilipoipendea kazi.