Maharagwe Matano Chunguni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi tuliyogawana mashamba ya bondeni kule Kuluba. Familia zilikuwa tano, na mashamba mawili tu yaligusa mto. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa magoti. Akipata shamba la juu, mboga basi tena, maana asingeweza kupandisha maji. Nasi, kwa kuwa tulirudi kutoka ukimbizini Kongo nyuma ya wenzetu wote, tuliwekwa wa mwisho kupiga kura. Nilihamaki. Nikasema mbele ya watu wazima kwamba tumedhulumiwa, wenzetu watamaliza mazuri.

Aliyeshika chungu alikuwa Mzee Wani, askari mstaafu, mtu asiyependa kelele.

"Wewe toto, nyamaza. Hapa iko maharagi tano, nyekundu mbili, nyeupe tatu. Nyekundu ni ya mto. Kila mutu achukue moja, afunge mkono. Hakuna kufungua mpaka mimi nasema."

Wakachukua wote, mama akimalizia. Mzee akanigeukia. "Sasa niambie, nyekundu inajua nani alitangulia?"

Nikazitazama zile ngumi. Kila ngumi ilikuwa na nafasi mbili kwa tano, ya mama pia.

Kisha akawaambia wafungue mmoja mmoja, na hapo ndipo hesabu hubadilika. Wa kwanza, nyeupe: mama sasa mbili kwa nne. Wa pili, nyeupe: mbili kwa tatu, nikaanza kutabasamu. Wa tatu, nyekundu, na tabasamu likaniisha, maana ilibaki moja kwa mbili. Wa nne akafungua: nyeupe. Mama alilia kwa furaha, ngumi yake ingali imefungwa.

Basi wewe unayekunja uso hapa Arua kwa swali la mipira ndani ya mfuko, tulia. Kilichotoka hakirudi, kwa hiyo kila unachokiona kitoe, uhesabu upya vilivyobaki. Usichokiona, pitia njia zote mbili: wa kwanza akipata nyekundu, wa pili ana moja kwa nne, akikosa, mbili kwa nne. Zidisha kila njia kwa nafasi ya mwanzo wake, yaani mbili kwa tano akipata na tatu kwa tano akikosa, jumlisha, utakuta mbili kwa tano ileile.

Na popote utakapoitwa mwisho, usiondoke kwa hasira kabla zamu yako haijafika. Mungu akujalie akili iliyotulia, mwanangu, na moyo wa kungoja.