Safu Iliyohesabiwa Moja

Kliniki nzima ilimwita Mwalimu, kwa kuwa jioni alifundisha vijana kuandika programu, na mchana alitunza ile inayowaita wagonjwa wa sukari kwa ujumbe wa simu. Tuseme ukweli, sifa zilikuwa zimempanda kichwani.

Jumatatu wagonjwa hawakutokea. Ripoti ilionyesha aliyeitwa ni mmoja tu. Kwenye kikao, mbele ya watu kumi na mmoja, Mwalimu hata kompyuta hakufungua. Nyani haoni kundule. Alisema mama wa masjala ameingiza namba ovyo, umri nao umemwelemea. Mama, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kupoteza faili la mtu, alijibu kwamba ameingiza namba arobaini na tatu na kuzihakiki mara mbili. Nani amsikilize? Mganga mkuu akamhamishia stoo, akapange makaratasi ya zamani.

Jumatano Mwalimu akaisoma kazi yake mstari kwa mstari, akalikuta kosa. Sehemu ya kutuma ujumbe aliijenga ipokee vitu vingi kadiri utakavyo, kimoja baada ya kingine. Lakini yeye aliikabidhi safu, yaani orodha, ya namba ghafi, na safu ya aina hiyo haifunguliwi kutoa namba moja moja. Inapokewa nzima nzima kama kitu kimoja. Ni kama kumpa mtu trei ya mayai, naye akaandika amepokea kitu kimoja. Wanafunzi wake wakikosea hapo, yeye huwacheka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Kubadilisha aina ya safu kulimchukua dakika mbili. Kushuka ngazi hadi stoo kulimchukua asubuhi nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaufunga mlango, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kosa lilikuwa lake, amsamehe, na kwamba atamnong'oneza mganga mkuu amrudishe masjala. Mama aliendelea kufuta vumbi kwenye faili.

"Siku ile uliponisema, palikuwa na watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi kawaambie hao. Mimi nilijua tangu Jumatatu."

Mwalimu akafungua mlango alioufunga mwenyewe, akapanda kwenda kuomba kikao.