Mboji Niliyotaka Isiive

Mama yangu alifagia uwanja kila siku kabla jua halijachomoza, na alichofagia alikichoma. Alianza alipoolewa hapa Issuna, na aliendelea hata baada ya kumbukumbu kuanza kumtoka. Alisahau jina langu. Alisahau kama ameshakula. Alisahau kwamba baba alifariki, akawa anamwekea kiti. Ufagio hakuusahau. Kwetu uwanja wenye michirizi ya fagio unasema ndani kuna mwanamke mwenye akili zake. Mpita njia akikuta majani yametapakaa atabisha hodi aulize nani anaumwa.

Majani niliyaleta mimi.

Kazi yangu ni kuku. Nawanunua vijijini, nawapanga kwenye matenga, nawapakia kwenye mabasi ya Dodoma. Nawahesabu mara mbili: wanapoingia tengani, na tena muuzaji akishaondoa mikono yake. Nilipoanza kuchoka na barabara nikafungua bustani nyuma ya nyumba, na afisa ugani wa kata akanifundisha kilimo cha kutunza udongo. Usichome taka. Usiache ardhi wazi. Maji ya kuogea yapite kwenye mpapai kwanza ndipo yapotee. Nikatengeneza matuta sita ya chainizi, mchicha na ngogwe, nikayafunika kwa matandazo, yaani majani makavu na mabua ya alizeti yaliyokatwakatwa. Tuta lililofunikwa lilitosheka na ndoo moja kwa siku mbili. Lililo wazi lilikunywa ndoo mbili kwa siku na bado likapasuka. Nikapima tena, nikapata jibu lile lile. Ukiijua foleni ya bomba letu, utaelewa kwamba hiyo si tofauti ndogo.

Asubuhi ya kwanza nikakuta matuta yote sita yako uchi, yamefagiwa vizuri, na matandazo yangu yamekuwa majivu kwenye shimo la taka. Nilimweleza mama taratibu, kwa Kinyaturu, maana Kiswahili nacho kilikuwa kinamtoka. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kumbe, basi hatayagusa tena. Nikafurahi. Sijawahi kupewa bei nzuri kirahisi namna ile, na mtu wa kazi yangu alitakiwa ashtuke.

Katika siku tisa tulikubaliana mara tisa. Nimepatana na makonda waliosema basi limejaa, nimepatana na mzee mmoja wa Mitundu aliyekuwa akiniuzia jogoo huku amemkumbatia. Hao wote walikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukithamini: kesho yake walikumbuka tulichosema. Nikaficha ufagio, mama akavunja tawi. Nikaficha kiberiti, akachukua kaa la moto jikoni. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya moshi, upindo wa kanga yake uko shubiri moja kutoka kwenye moto, ananitazama kama mgeni aliyekuja mapema mno.

Kaka yangu anaishi Dodoma. Ana nyumba ya vigae na mke mwema asiyejua neno hata moja la Kinyaturu, na watoto vilevile. Habari za moto zilimfikia, na baada ya mavuno akaja kumchukua mama. Nikamuuliza kule nani atamjibu mchana kutwa. Akasema yeye, akirudi kazini. Nikamwambia jioni ni mbali kwa mtu anayeuliza swali asubuhi. Tulivutana kuanzia chai hadi ugali, na mwisho akatoa sharti.

"Sawa, abaki. Lakini siku akiungua, hata kidogo, namchukua. Na usinipigie hesabu zako."

"Nimekubali, kaka."

Alipoondoka nilijiona nimeshinda.

Wakati huo nilikuwa nimeshapanga lundo la mboji kwenye kona ya bustani, kama nilivyofundishwa: vijiti chini, majani makavu, majani mabichi, samadi ya jirani, vinyesi vya matenga yangu, majivu kidogo, maji, halafu unaanza tena tangu mwanzo. Katikati unachomeka kijiti kirefu. Ukikichomoa baada ya siku kadhaa na kikakuunguza kiganja, lundo limeshika kazi. Langu liliniunguza vizuri.

Baridi ilipoingia, ile ya Juni yenye upepo, lundo likaanza kutoa mvuke alfajiri. Nilitoka nikamkuta mama amemwaga juu yake matandazo yote aliyoyafagia, ameinyoosha mikono, anaota moto. Sikuona kiberiti wala kaa. Akaniambia moto wa leo unafuka vizuri.

Nilirudi ndani nikakaa kitandani nikafikiria kama nimeona sawasawa, halafu nikatoka tena kuhakikisha. Mama aliamini lundo linaungua. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuliwasha.

Ikawa ndiyo ratiba yetu. Anafagia, anamwaga kwenye lundo, anapasha mikono joto, anasimulia. Kila siku alinisimulia habari ya mama mkwe wake aliyekuwa akipita uwanjani na kidole akitafuta jani moja tu la kumgombeza. Akishaingia ndani kunywa uji, mimi nabeba matandazo kwa karai na kuyarudisha kwenye matuta. Karai tano kwenda, karai tano kurudi. Siku nyingine zilirudi nne na nusu, hiyo nusu nikaliachia lundo kama ushuru. Chainizi ikastawi, mama akawa ananenepa. Kaka akipiga simu namwambia hali ni shwari, na haikuwa uongo.

Shida ya mboji ni kwamba inaiva. Joto hupanda, hukaa, hushuka, na likishashuka kwa kweli umebakiwa na udongo mweusi, laini, wa baridi, ambao ndio kila mtu anautaka. Mimi sikuutaka. Joto lilipopungua mara ya kwanza nililipindua lundo, likapata hewa, likachemka tena. Mara ya pili nikaongeza samadi mbichi. Mara ya tatu lilipata uvuguvugu kama wa maziwa ya kunyonyesha tu, siku tatu, likanyamaza.

Afisa ugani alipita, akachukua konzi ya mboji, akainusa, akawaita wakulima wenzangu watatu waje waone mboji ya mfano. Walipoondoka nikamuuliza nifanyeje isiive.

"Dada, watu wananiuliza iive haraka. Wewe ni wa kwanza."

Nikamweleza habari ya mama. Akakung'uta mikono. Akasema lundo linahitaji kibichi, samadi na maji, na kwamba pole.

Ilikuwa Agosti inaisha. Anayeijua Singida anajua hapo kibichi kilichobaki ni rangi ya bendera. Nilikwenda kwa mama ntilie wa barabarani kuomba maganda, nikakuta mbuzi wake wanamsubiri kama wateja wa mkopo. Nilikwenda kwenye kilabu cha pombe kuomba machicha, nikaambiwa yana mwenyewe, mfuga nguruwe, na ameshayaagiza hadi Krismasi. Samadi nilikuwa naipata kwa jirani, mama mtu mzima ambaye namwita shangazi kwa heshima tu, lakini ng'ombe wake walikuwa wamepelekwa upande wa Manyoni kufuata malisho. Nikabaki na vinyesi vya kuku wangu. Halafu ugonjwa wa mdondo ukaingia. Nilinunua kuku arobaini, nikawahesabu mara mbili, na asubuhi sikuwa na haja ya kuhesabu. Nikasimamisha biashara. Matenga yakakaa matupu.

Nilianza lundo jipya pembeni ya lile la zamani. Mabua makavu, majani makavu, maji kidogo niliyoyaiba kwenye zamu ya kufulia. Nikachomeka kijiti. Kila asubuhi nakichomoa, nakishika, nakirudisha. Kilikuwa baridi kama kilivyoingia. Lile halikuwa lundo la mboji, lilikuwa fungu la kuni nililolipanga kwa mikono yangu, na nililijua hivyo, ila sikuwa na kingine cha kufanya.

Mama aligundua kabla sijamdanganya. Aliweka mikono juu ya lundo la zamani, akaigeuza, akaitazama. Akasema moto umezimika. Nikamwambia utawaka, mama, uko chini. Akanitazama kwa huruma kabisa, kama anavyotazamwa mtoto aliyekojoa kitandani akasingizia mvua.

Jikoni nilikuwa nimefunga kufuli. Kaa sikuacha. Kiberiti nilikaa nacho kwenye sidiria. Siku hiyo nilikuwa bombani, ndoo yangu ni ya kumi na tisa kwenye foleni, nikaona moshi upande wa kwetu. Niliacha ndoo.

Lundo jipya lilikuwa linawaka lote, mabua yanalia, upepo unasukuma cheche kwenye uzio. Mama amekaa chini kando yake, ameshika mguu, halii. Shangazi na wanawe walikuwa wanamwaga mchanga. Tukazima wote. Kwenye muundi wa mama palikuwa pamebabuka, ukubwa wa kiganja changu. Nikaweka kiganja juu yake bila kugusa. Nikaweka tena.

Moto aliupata kwa shangazi. Alikwenda na kigae chake cha chungu mkononi kuomba kaa, kama walivyokuwa wakiombana miaka yote. Nilikuwa nimeshamwambia shangazi asimpe. Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Dada yangu amesimama mlangoni, ameniamkia, ameniita jina langu," akasema. "Jina langu, mwanangu. Ameniomba moto. Nimnyime vipi?"

Mimi mwenyewe nilikuwa na miezi sita sijaitwa jina langu. Ningempa hata mimi.

Alipomaliza kumpaka mama dawa ya zahanati, shangazi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kaka yuko mbali, na kidonda cha mguuni hufunikwa na kanga. Yeye hatasema. Wanawe hawatasema. Ilikuwa bei nzuri sana. Niliizungusha kichwani mara mbili, na mara zote mbili ilinionyesha asubuhi nyingine, lundo lingine, na mimi niko bombani nyuma ya ndoo kumi na nane. Nikampigia kaka.

Alifika kesho yake kabla ya saa sita. Nilimwomba amwache hadi mvua za kwanza, majani mabichi yakishapatikana. Akakataa. Nikashuka, wiki mbili. Akakataa. Nikashuka hadi Jumapili. Kila nilipoteremka yeye alibaki pale pale, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza, maana mtu asiyekasirika hana pa kumshika.

"Unadhani mimi nataka?" akaniuliza mwishoni. "Nitamfungia ndani mwanamke asiyeelewa anaambiwa nini. Nipe njia nyingine. Wewe ndiye mwenye akili za sokoni, nipe."

Tukakaa wawili kwenye benchi tukitazama matuta, mtu na kaka yake, wote wazima, tukisubiri mama amalize kufagia.

Nilimfungashia mama kanga zake, dawa, na kikombe chake cha bati. Alipanda gari bila ubishi, akamwamkia kaka shikamoo kama dereva mzee asiyemfahamu. Kaka akaitikia, afanyeje. Halafu mama akateremsha kioo akaniita, wewe binti, nisogee. Akaniuliza kwa Kinyaturu kama mimi ndiye nitakayebaki na nyumba hii. Nikasema ndiyo. Akasema uwanja ni mkubwa lakini nitauzoea, nianzie upande wa upepo. Akanyoosha kidole kwenye kona ya bustani, pale palipokuwa na lundo la zamani, jeusi, la baridi, limeiva kuliko mboji yoyote niliyowahi kuiona.

"Ule moto usiache uzimike tena," akasema. "Huu wa safari hii uliniangusha."

Nikamjibu sawa, mama, nitautunza. Kaka alikuwa ameshawasha gari na injini ilikuwa inanguruma, mama hakunisikia, akaweka mkono sikioni akasubiri. Nikasema tena.