Ngoma ya Matanga kwa Mtu Aliye Hai

Nilikubali kupiga ngoma ya matanga uani kwetu Iyolwa, ndugu yangu mgonjwa akiwa ndani ya nyumba yake upande wa pili wa ua. Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema hapana, wageni wangekunywa chai na kurudi Tororo.

Wageni hao walikuwa wachezaji wa kikundi cha taifa cha dansi ya kisasa. Walikuwa wakitayarisha onyesho kuhusu msiba, na huko Malaba waliambiwa kwamba mimi, karani mstaafu wa kutoa mizigo forodhani, ndiye hupiga ngoma wazee wanapozikwa. Kiongozi wao, mama wa makamo aliyetembea peku, aliniita mwalimu. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa ameniita kitu cha maana. Nilimwambia twende ukumbi wa shule, mbali na nyumba. Akasema, "Mwalimu, saruji haitufundishi kitu. Tunataka udongo ambao watu wameulilia."

Kwetu ngoma ile haitolewi nje ila mtu amekufa. Nilijua hivyo. Nilijiambia nitaipiga polepole, isisikike mbali.

Walianza kwa kujilaza chini na kubiringika, wakihesabu hadi nane, vumbi likiwashika migongoni. Kisha nikawaonyesha hatua za waombolezaji. Mchezaji mmoja akalalamika, "Mwalimu, hii yenu inataka magoti ya mtu aliyelima!" Tukacheka. Nikasahau ile polepole yangu, nikapiga kama ninavyopiga siku zote.

Kilio cha kwanza kilitokea upande wa kisima. Majirani walijua nani alikuwa mgonjwa kwetu. Wakaja mbio, wanawake mikono kichwani, mzee mmoja na mzigo wa kuni begani kama inavyopasa kwenda matangani, wote wakilitaja jina la ndugu yangu na kumuuliza mbona ametuacha. Wachezaji hawakuelewa, wakaendelea kucheza. Mimi ndiye niliyepaswa kusimama na kusema. Nilibaki na mikono juu ya ngoma.

Ndugu yangu akatoka mwenyewe, ameshika mlango, miguu imevimba. Hapo ndipo wachezaji waliposimama.

"Karibuni," akasema. "Mmenikuta sijaoga."

Mtu mmoja alicheka kwa hofu. Mke wa ndugu yangu akanigeukia. "Shemeji, hukuweza kungoja?"

Ndugu yangu mwenyewe hakuniambia neno, siku ile wala baadaye. Nyumba zetu zinatazamana. Nilimsikia akikohoa, akiomba maji, akiwatania wajukuu. Nikibisha hodi, sauti zinakatika.

"Amelala," shemeji alikuwa akisema, na nyuma yake redio inaongea.

Ningeweza kuomba radhi pale pale mlangoni, kwa sauti, akanisikia. Niliona aibu mbele ya shemeji. Kila mara nilisema nitarudi akiwa peke yake, kana kwamba mgonjwa huachwa peke yake.

Onyesho lilipofika Tororo nilipewa kiti cha mbele. Yule mama kiongozi wa kikundi alikuwa amewaingiza hata majirani: mchezaji alikuja mbio na kuni begani, akakuta hakuna maiti, akasimama hajui azitue wapi. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Mtu wa kumsimulia nilikuwa naye mmoja tu, ndugu yangu, na huyo ndiye ambaye hakutaka kusikia sauti yangu. Nilirudi nyumbani, nikakaa barazani nikitazama mlango wake.

Alifariki kabla ya mavuno. Wanawe walimwita mpigaji kutoka kijiji kingine. Nilisimama nyuma ya viti vya kukodi pamoja na wageni waliotoka mbali. Mpigaji yule aliharakisha mahali pasipotaka haraka, nami sikuwa na haki ya kumsahihisha. Shemeji hakunifukuza, wala hakuniita mbele.

Ndugu yangu alikuwa mmoja tu. Nilimpoteza miezi minne kabla hajafa, na alikwenda kaburini akiamini kwamba nilikuwa nikingoja afe.