Piet Asiyehitaji Kupakwa Rangi

Katika ukoo wa Landveld, uliotoka Paramaribo, mji wa koloni la zamani la Kiholanzi, na vyeti vyake vyote vimetiwa fremu, hakuna aliyewahi kukamatwa na polisi ila Rinia. Alikamatwa Novemba ya mwaka jana gatini, katika sherehe ya Kiholanzi ya kila mwaka, Mtakatifu Nikolasi akiteremka melini na farasi wake mweupe. Kosa lake ni kuinua bango la kupinga mbele ya wazungu mia mbili waliojipaka masizi kuigiza watumishi wake, wenye midomo myekundu na wigi za nywele za kipilipili, wakirusha vibiskuti. Mama yake, Bi Edmee, mjane na mwalimu mstaafu, hakutoka nje wiki nzima.

"Marehemu babako alivaa tai hata akienda kutupa takataka," alimwambia. "Wewe unabebwa kama gunia."

Rinia alikuwa msanii wa vinyago vya karatasi, akifundisha kazi za mikono katika shule aliyosoma utotoni. Akiwa na miaka sita, hapo hapo, aliteuliwa kuwa Piet, mtumishi mweusi wa Mtakatifu, na mwalimu wake akafurahi kuwa rangi haitatumika. Mwaka huu barua ilikuja kwa Djuna, binti wa kaka yake, naye ana miaka sita: ameteuliwa kuwa Piet. Chini ya barua Mwalimu Mkuu, Gerlof Dijkhuis, aliongeza kwa mkono kwamba huyu hahitaji kupakwa.

Rinia alimwendea ofisini. Gerlof alimsikiliza kwa upole wa mtu anayengoja mvua ipite, akaeleza kuwa Piet ni mweusi kwa moshi tu wa dohani anazopitia kuleta zawadi. Rinia akauliza ni dohani gani inayosokota nywele.

"Mila ni mila, Rinia. Haikuanza na wewe."

Basi akaifuata mila. Kila Desemba walimu wa shule ile huokota majina kofiani. Uliyemwokota humtengenezea kinyago chenye zawadi ndani, na shairi la kumtania lenye saini ya Mtakatifu. Mtaniwa hulisoma mwenyewe mbele ya wazazi, asinune, kisha hushukuru. Jina la Gerlof lilikuwa kwa mwalimu wa hesabu. Rinia akabadilishana naye kwa keki nzima ya mama yake.

Alasiri ya sherehe Gerlof akafungua sanduku, akakutana na kichwa chake: waridi kama nyama ya nguruwe, wigi ya majani makavu, pua kama karoti. Ndani mlikuwa na mkebe wa rangi. Akasoma:

Mwaka huu watumishi
Nitawapaka waridi,
Wajinga ila wacheshi,
Waitwe Gerlof, ni jadi.

"Huku ni kuidhihaki sura yangu," alisema.

Katika safu ya nyuma Bi Edmee akasimama na kofia yake ya kanisani, Djuna ubavuni.

"Mila ni mila, Mwalimu Mkuu. Mshukuru Mtakatifu, watoto wanakutazama."

Akashukuru, kama anayemeza kwinini.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Jina la Djuna limeondolewa miongoni mwa akina Piet. Tena mashairi ya utani yamefutwa shuleni, kwa kuwa mila haipaswi kumuumiza mtu. Kuhusu masizi, haikusema neno.

Bi Edmee alisahihisha makosa mawili kwa kalamu nyekundu, akaitia barua fremu, akaitundika kando ya cheti cha marehemu mumewe. Kisha akatoa kabatini picha ya gazetini, Rinia akibebwa na polisi, akaitafutia msumari.

"Lakini ungevaa viatu vya heshima," alisema.