Fungu Langu Alipewa Mwingine

Tulizaliwa watano, na rozari ina mafungu matano. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe, Mama alipiga magoti sebuleni, katika nyumba yetu ya mlimani juu ya Himo, akasali fungu la kwanza kwa ajili ya kaka yetu mkubwa, akashuka hivyo hivyo mpaka la tano. Hilo lilikuwa langu, mimi kitinda mimba.

Kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Lakini mimi ndiye niliyehamahama kuliko wote. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kukata miwa tambarare, pamoja na watu wa mikoa ya mbali. Nikachoka, nikapakia mahindi kwenye malori pale Himo. Nikafika Mwanza, nikafika Tunduru, nikarudi. Mahali paliponishinda nilifunga begi. Lakini popote nilipoamka nilijua kuna mtu mlimani ameshanisemea kwa Mungu, kwa hiyo mimi mwenyewe sikuwa na haraka ya kuzungumza naye. Nikipita mbele ya kanisa nilivua kofia, nikaona imetosha.

Siku hizi ni fundi rangi, nimepanga chumba Pasua, hapa Moshi mjini. Kazi huwa nyingi miezi ya mwisho wa mwaka, pale watu wetu wanaoishi Dar wanapotaka nyumba zao za mlimani zing'ae kabla ya Krismasi. Napaka rangi nyumba ambazo zitafunguliwa siku chache kisha zifungwe tena mwaka mzima. Nami hupanda kwa Mama siku hizo hizo, nikala mtori wa ndizi, nikaenda Misa na shati jipya, nikashuka.

Krismasi iliyopita nilichelewa kushuka. Magari ya ndugu zangu yalikuwa yameshaondoka na kijiji kilikuwa kimenyamaza, mageti yana makufuli, kuku wanatembea barabarani bila wasiwasi. Nilikuwa nimekaa jikoni na Mama, anamenya ndizi.

"Na wewe unashuka lini?"

"Kesho, Mama. Usiache kuniombea."

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kuaga miaka yote, nayasema kama mtu anayesema usiku mwema. Mama hakuinua macho.

"Nimeshaacha."

"Umeacha nini?"

"Fungu lako nimempa yule kijana wa jirani aliyeanza kulala kwenye vilabu vya mbege. Yule bado anahitaji kubebwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mama, unanifukuza kwenye rozari?"

"Una mvi kidevuni, baba. Wenzako wanaombea watoto wao, wewe bado nakutafunia kama mtoto asiye na meno. Siku nikifa, nani atamwambia Mungu kwamba upo?"

"Kwa hiyo sina mtu tena."

"Unaye Mungu. Mimi nitakukumbuka kwenye Misa, pale wanapowataja walio safarini." Akanisukumia sufuria. "Haya, nichotee maji."

Nilishuka nikiwa nimeudhika. Nilijiambia ni uzee, atasahau, kesho kutwa atarudi kwenye hesabu yake ya watoto watano.

Pasua ilikuwa na joto, na Januari haina kazi ya rangi. Watu wameshatumia kila walichokuwa nacho. Niliamka alfajiri bila sababu ya kuamka. Nilibaki nimejilaza, nawaza kwamba saa hii Mama yuko magotini, amefika fungu la tano, na jina analolitaja si langu. Ni ajabu kusikia ukimya wa kitu ambacho hukuwahi kukisikia. Nimelala peke yangu kwenye miji mingi, lakini sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Asubuhi moja nilipiga magoti kando ya kitanda. Rozari sikuwa nayo, nikahesabu kwa vidole. Nilisema Salamu Maria mpaka katikati, nikanyamaza. Nilikuwa nasubiri. Nyumbani Mama ndiye aliyeanzisha na sisi tukaitikia. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuitikia. Sasa nilikuwa nimeanzisha mimi, na ng'ambo ya ukuta jirani alikohoa tu. Nikaitikia mwenyewe. Sauti yangu ilinitia aibu.

Siku nyingine niliamka, nyingine nikajifunika shuka usoni. Jumamosi moja nilijikokota hadi kwenye jumuiya ya mtaa wetu, ambayo husali kwenye nyumba za watu kwa zamu. Sikuwa nimeikanyaga tangu nihamie.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema mlangoni.

"Milele amina. Karibu, mangi. Umetoka jumuiya ipi?" aliniuliza mama mmoja anayeuza dagaa sokoni.

Nikaitaja ile ya mlimani.

"Na huko ulikuwa unasali?"

"Mama alikuwa anasali."

Walicheka mpaka mtoto aliyelala mgongoni kwa mmoja wao akaamka. "Basi leo utatusomea Injili," yule mama alisema, "tuone kama na sauti umeiacha kwa mama yako." Nilisoma. Nilikosea mistari miwili. Baada ya sala kila mtu alirudi kwenye biashara yake, nami nikarudi chumbani, na chumba kilikuwa kile kile.

Masika ilipokaribia nikasikia Kwa Sadala kuna nyumba ya wageni inataka kupakwa rangi yote, ndani na nje. Ingenipa kazi ya miezi kadhaa. Nilimpigia Mama simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuna kazi kubwa. Hii moja tu niombee."

"Wewe umeomba?"

"Nimeomba, kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Nimesema, Bwana, nipe ile kazi."

"Basi amesikia. Unataka nimrudie kama kwamba yeye ni kiziwi?"

Nikacheka, naye safari hii akacheka kidogo, kisha salio langu likaisha, simu ikakatika. Hakunipigia tena, nami sikumpigia.

Kazi ile alipewa fundi mwingine. Niliambiwa jioni, kwa ujumbe mfupi wa simu. Begi langu huwa chini ya kitanda, na usiku ule nililivuta nje nikaweka shati moja. Tunduru nina rafiki. Hakuna ambaye angeniuliza kitu.

Nilipoamka mvua ilikuwa inapiga bati na mlima haukuonekana kabisa. Nilijua kwamba nikiacha kusali asubuhi ile hakuna binadamu atakayejua, si Mama, si yule mama wa dagaa. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda, nimekasirika, nikamwambia Mungu kwamba nimekasirika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Hakujibu. Sikusikia amani yoyote moyoni, wala joto, wala kitu kile ambacho watu hushuhudia kanisani. Niliendelea kukaa naye hivyo hivyo, tumenyamaza wote wawili, mpaka mvua ikapungua. Kisha nikatoa lile shati kwenye begi nikalivaa, kwa sababu ndilo lililokuwa safi, nikatoka kutafuta ukuta wa kupaka.