Mwaitu, Toka kwa Picha

Kaka yangu mkubwa alikuwa mpiga video pale Kathonzweni. Kama alikupigia harusi, basi kwenye kanda yako umo wewe, yumo mumeo, na imo sauti yake. Hakuweza kunyamaza. "Bibi harusi, cheka kidogo, haya si mazishi!" "Pasta, fupisha, betri inaisha!" Na kwenye mazishi nako hakuwa na haya: "Wamama, lieni tena, hapo sikushika." Wakalia tena, na kwa bidii kuliko mara ya kwanza.

Harusi zilikuwa za kumpa ugali. Alichokipenda ni sinema zake mwenyewe, hadithi alizozitoa kichwani na kuzichezesha na jamaa zetu, wapende wasipende. Mimi nilikufa karibu katika zote, kwa kuwa eti naanguka vizuri. Siku moja alimpeleka binamu yetu hadi mji wa Kambu, akamwambia anyakue kikapu cha machungwa kando ya barabara, na wauzaji hakuwaambia lolote, kwa sababu alitaka hasira ya kweli. Aliipata. Binamu alipigwa na kina mama hadi shati likabaki kola, na kamera haikushuka hata kidogo. Ukiitazama ile sinema unamsikia kaka akisihi, "Mpigeni polepole, hiyo sura bado naihitaji!"

Kukata picha hakutaka kabisa. Alisema ukikata umedanganya. Kwa hiyo sauti yake ilibaki mle mle, na watu walikuja kutazama kwa ajili ya hiyo sauti, wakaikariri, wakawa wanayapigia kelele maneno yake kabla hajayasema.

Sinema nyingi alizipigia uani kwetu, na kila mara mama alikatiza mbele ya kamera na debe lake la maji. "Mwaitu, toka kwa picha!" Hivyo ndivyo tunavyomwita mama sisi Wakamba. Naye bila haraka: "Nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu."

Kaka alipofariki, mama alikuwa ameshapoteza macho, na mashine yetu ya kanda ilikufa zamani. Basi walipokuja vijana kutoka Nairobi kutengeneza filamu ya maisha ya kaka, mama aliwapa gunia zima la kanda kwa sharti moja. "Mimi sioni," aliwaambia. "Nataka kumsikia mtoto wangu." Wakaapa.

Wakaleta mwigizaji wa kuwa kaka yangu: kijana mrefu, mzuri, meno kama ya tangazo la dawa ya meno. Kaka yangu alikuwa mfupi, na masikio yake yalifika mahali kabla yake. Nikauliza. Mwelekezi wa filamu yao, msichana mwenye adabu zake, akanijibu, "Auntie, hii ni sinema." Nikayaacha, maana uzuri si kosa la yule kijana.

Waliionyesha hapa kwetu kwanza, mchana, katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Mama nilimketisha mbele na kitambaa chake cha Jumapili. Filamu ikaanza kwa yule kijana wa meno kutazama jua likizama, na fidla inalia. Kaka yangu hakuwahi kutazama jua likizama. Saa hiyo alikuwa anatafuta mahali pa kuchaji betri.

Kisha zikaja kanda zenyewe. Nikajiona nikifa. Nikamwona binamu akipigwa. Lakini bado ni fidla tu.

"Ameshaanza kuongea?" mama akaniuliza.

"Bado, Mwaitu."

Mwelekezi akaniinamia, furaha imemjaa. "Auntie, kulikuwa na kelele za mtu fulani nyuma ya kamera. Tumezisafisha zote."

Nilikasirika. Mama alikuwa ametega sikio, mdomo wazi kidogo, anasubiri. Na pale ukutani ukatokea ua wetu, na yeye mwenyewe akiwa na nguvu zake, debe kichwani, anakatiza.

Binamu hakuvumilia. Akapaaza sauti kutoka nyuma, "Mwaitu, toka kwa picha!" Ukumbi mzima ukamfuata. Wengine wakageukia viti vya mbele: "Pasta, fupisha!" Pasta mwenyewe akacheka hadi akavua miwani.

"Kwani wanasema nini?" mwelekezi akauliza.

"Maneno ya huyo mtu fulani. Ndiye mliyekuja kumsifu."

Alinitazama, kisha akamtazama mama, na macho yakamlowa. Akaenda kuisimamisha filamu. Akapekua kompyuta yake akitafuta kanda kama tulivyompa, na hatimaye ua wetu ukarudi ukutani, bila fidla, na kuku wetu wakisikika.

"Mwaitu, toka kwa picha!"

Ni kaka mwenyewe, na mafua yake yasiyoisha. Pale ukutani mama alifungua mdomo ajibu, lakini huyu niliyemshika mkono alimtangulia.

"Sitoki," alisema. "Sema tena."